Thelathini na Sita

Nilikwenda na mkoba mzima Barabara ya Nane:
kamera ya dijitali, gamba limechubuka begani,
lenzi mbili, flashi inayokohoa kabla ya kuwaka,
betri iliyovimba kama shavu la mwenye jino,
na stendi ya miguu mitatu, mmoja
umefungwa mpira wa baiskeli.
Miaka mitatu ya harusi za Makorora na Mikanjuni,
mahafali, maulidi, pasipoti za mashangazi,
vyote nikavipanga juu ya kaunta ya Kiluwasha, fundi saa,
kama mtu apangaye nguo za marehemu zigawiwe.

Yeye akatoa kimoja tu.
Kimefungwa kitambaa cha flana,
chuma na ngozi, mgongo mtupu, hauna kioo.
"Ya mkanda," akasema. "Ya mtu aliyeshindwa kukomboa saa yake."
Akavuta kile kiwiko kidogo, akabonyeza.
Mlio ule!
Si wa kuigiza, wa kwenye simu.
Ni komeo la mlango wa kwetu
mama akirudi zamu ya usiku.

Nilikuwa nimejiandaa kusema uongo.
Njia nzima kutoka Chumbageni nimeufanyia mazoezi:
lenzi safi, haijawahi kufunguliwa.
Lakini huyu kazi yake ni kuvaa kioo jichoni
na kusaka punje ya mchanga tumboni mwa saa.
Aibu ikanishika hata hajainama.
"Hii ndefu ina ukungu ndani. Uliota masika yaliyopita.
Na flashi ukiifululiza, inazima."

Akakuna kidevu.
"Basi na mimi nikwambie.
Kipima mwanga cha hii kimekufa.
Jua utalipima kwa ngozi yako."

Saa za ukutani zilikuwa zikibishana,
kila moja na saa yake.
Nadhani hatukubadilishana vyombo pale.
Tulibadilishana kasoro.
"Waja leo, waondoka leo," akasema.
"Chukua kabla sijaghairi."

Kesho yake nikarudi mbio, kamera shingoni:
kadi ya kumbukumbu nimeisahau ndani ya ile ya zamani.
Kumbe kaniwekea, juu ya kifuniko cha saa.
"Elfu nne mia mbili na kumi na moja," akasema.
"Nimeziangalia mpaka mke wangu kanuna.
Bibi harusi mmoja umempiga mara sitini.
Keki, peke yake, mara thelathini!
Mimi nina ndoa ya miaka ishirini na saba
na picha tatu, moja imeliwa na mende.
Hebu niambie, kijana,
hizi zote,
ulikuwa unatafuta nini?"

Nikasema ahsante. Si jibu, najua.

Sasa nina thelathini na sita.
Mkanda mmoja, uliosafiri toka Dar ndani ya soksi ya binamu,
bei yake wali wa wiki mbili.
Jana soko la Mgandini muuza ndimu kapanga mafungu,
mwanga umemkaa shavuni kama umetumwa.
Nikainua. Nikahesabu. Nikashusha.
"Mbona hupigi?"
"Bado."
"Bado nini, na mwenzio nimeshafunga kilemba upya?"
Akacheka, na kicheko ndicho kilikuwa picha,
kikapita.

Tena thelathini na sita si kweli.
Ni thelathini na tano.
Moja ilijipiga yenyewe siku ile ya kadi,
mlangoni pa Kiluwasha, nikirekebisha kamba,
kidole changu hakina adabu.
Imo humo, imejikunja gizani
pamoja na wenzake wasiozaliwa.
Yawezekana ni kiatu changu.
Yawezekana ni lami na ganda la chungwa.
Au ni yeye, kainua ile lenzi yenye ukungu
kuelekea dirishani, jicho moja kalifumba,
kama asomaye barua ya mtu mwingine.

Siwezi kuifuta. Siwezi kuiona.
Kwetu husema kusafisha picha,
na mimi siku zote nilidhani
maana yake ni kuondoa uchafu.